Wadogo wa Usambara: Nani Yuko Hatarini, na Nani Aliyehesabu?

Wanasayansi wengi wanaamini kwamba mnyama mwenye uti wa mgongo aliye mwingi kuliko wote duniani ni samaki ambaye wavuvi wa Tanga hawajawahi kumvua. Kitabuni anaitwa Cyclothone. Hazidi urefu wa kidole, ana vidoa vya mwanga tumboni, na anaishi mamia ya mita chini ya uso wa bahari, kwenye giza la kudumu. Ndugu zake wametapakaa katika bahari zote kuu. Hakuna nyavu zinazotupwa kwa ajili yake wala mteja anayemuulizia sokoni. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, linapowatathmini samaki wadogo wa kilindini wa aina hii, jibu mara nyingi ni lile lile: wasiwasi mdogo.

Sasa tuache bahari, tupite Muheza na Korogwe, tupande mpaka Mazumbai, upande wa kusini wa Usambara Magharibi. Pale pana msitu wa hekta 320 hivi, uliokuwa mali ya familia ya Tanner yenye shamba la chai, ukakabidhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968, na leo uko chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwaka 1982 mtaalamu wa vyura kutoka Denmark, Arne Schiøtz, alimwelezea chura mdogo wa mateteni kutoka msitu huo na kumpa jina la mwenye shamba: Hyperolius tanneri. Naye ni mdogo, naye haliwi wala hauzwi, na watu wengi wa Lushoto hawajawahi kumwona. Lakini yeye amewekwa katika kundi la wanyama wanaotishiwa kutoweka.

Kinachowatenganisha wawili hawa ni upana wa makazi. Samaki ana bahari nzima, na chura ana bonde moja. Mtu anayetaka kuelewa hali ya viumbe wa Usambara aanzie hapo, kwa sababu kwa watu wengi neno "hatarini" huleta picha ya tembo na faru, yaani wanyama wakubwa, majangili na bunduki. Usambara haina hadithi ya aina hiyo. Hatari ya huku ni ya wanyama wanaoenea kwenye kiganja cha mtoto, na anayewamaliza kwa kawaida hajui kwamba wapo.

Orodha Nyekundu ya IUCN, iliyoanza mwaka 1964, ina ngazi zake: wasiwasi mdogo, karibu na hatari, walio katika hali tete, hatarini kutoweka, hatarini kabisa, waliotoweka porini, waliotoweka moja kwa moja. Pembeni kuna makundi mawili ambayo wasomaji wengi huyaruka: wale ambao taarifa zao hazitoshi, na wale ambao hawajatathminiwa kabisa. Njia za kumpeleka mnyama kwenye ngazi moja au nyingine ni kadhaa, ila kwa wanyama wa milimani inayotumika zaidi ni ile ya eneo. Kama eneo lote anamopatikana ni chini ya kilometa za mraba 5,000, anaweza kuhesabiwa yuko hatarini. Likiwa chini ya 100, hatarini kabisa. Eneo dogo peke yake halitoshi, lakini. Lazima pia ionekane kwamba makazi yamekatikakatika au yamebaki sehemu chache tu, na kwamba yanaendelea kupungua au kuharibika.

Usambara yote, Mashariki na Magharibi, ni ndogo kiasi cha kuwaingiza wakazi wake wa pekee katika hesabu hiyo bila hata kupiga mahesabu makali. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima mikongwe unaoanzia vilima vya Taita nchini Kenya, ukapita Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru, hadi Udzungwa. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi umeilisha misitu yake mvua kwa mamilioni ya miaka, hata katika vipindi ambavyo nyanda za chini zilikauka. Kila mlima ukawa na wanyama wake, waliofungiwa juu na joto la nyika inayouzunguka. Hata Usambara zenyewe ni mbili: bonde la mto Lwengera limezitenga, na kwa chura anayehitaji ubaridi na majani mabichi, bonde hilo halivukiki.

Mfano unaoeleza vizuri kuliko yote ni wa kinyonga.

Mtu akitembea Lushoto usiku na tochi, kandokando ya njia ya kupanda Magamba, hachukui muda mrefu kumpata. Mchana kinyonga hujificha kwa rangi. Usiku hulala kwenye ncha ya tawi jembamba, mwili umepauka, na mwanga wa tochi unapompiga huonekana mweupe katikati ya majani meusi. Dume wa Lushoto ana pembe mbili bapa zinazotokeza mbele ya pua, zimefunikwa magamba madogo, na mstari wa vijino unaoshuka mgongoni. Jike pembe zake ni fupi sana au hana kabisa. Anapatikana msituni, lakini pia kwenye ua wa bustani, kwenye mgrivelia kando ya shamba la kabichi, na kwenye vichaka vya nyuma ya nyumba. Watoto wanamjua. Wazee wengi wanamwogopa na hawapendi avuke njia mbele yao.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, vitabu vilimwita huyu kinyonga wa Fischer, jina lililotolewa mwaka 1887. Jina hilo hilo lilitumika kwa wenzake wa Usambara Mashariki, Uluguru, Nguru, Pare, Kilimanjaro na Taita. Spishi moja, milima mingi, eneo kubwa: wasiwasi wa nini? Kweli, mwaka 1913 Mjerumani Fritz Nieden alikuwa amekwisha kuona kwamba wa Usambara wanatofautiana na kuwapa majina yao, lakini waliomfuata waliwakusanya tena chini ya mwavuli mmoja. Ni mwaka 2008 ndipo Jean Mariaux, Nicolà Lutzmann na Jan Stipala walipowapima upya, pembe kwa pembe na kwa vinasaba, wakarudisha mipaka. Wa Usambara Magharibi akawa Kinyongia multituberculata. Wa Usambara Mashariki akawa Kinyongia vosseleri, jina linalomkumbuka Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi Amani wakati wa Wajerumani. Wa Uluguru akapata lake, na wa Taita lake. Fischer mwenyewe akabakiwa na milima ya Nguru na Nguu tu.

Hakuna kinyonga hata mmoja aliyehama wala kufa kwa sababu ya makala hayo. Lakini hali ya uhifadhi ya wote ilibadilika, maana pale palipokuwa na spishi moja yenye nyumba nyingi pakawa na spishi kadhaa, kila moja na nyumba moja.

Jambo hili lina upande wa biashara pia. Vinyonga karibu wote wako kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES tangu miaka ya 1970, maana yake biashara inaruhusiwa kwa vibali na viwango. Kwa miaka mingi Tanzania iliuza nje maelfu ya vinyonga hai waliofugwa majumbani Marekani, Ulaya na Japani, wengi wao wakiandikwa kwa jina la Fischer. Karatasi za forodha zilizosema "fischeri" hazikuweza kumwambia mtu kama mzigo ule ulitoka Lushoto, Amani au Nguru. Kiwango kilichoonekana cha wastani kwa spishi iliyodhaniwa kuenea mikoa mitatu kingeweza kuwa kizito mno kwa spishi ya kilima kimoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu vinyonga wa Usambara Mashariki, uliofanywa kwa kuwahesabu usiku wakiwa wamelala, ulikuja kuangalia hasa swali hilo: ukivuna kandokando ya njia, ambako ni rahisi kuwapata, unavuna sehemu gani ya idadi yote?

Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Juni 2022 likatolewa tangazo la kuruhusu wafanyabiashara kwa miezi sita kusafirisha waliobaki mikononi mwao, nalo likasitishwa muda mfupi baadaye baada ya watu kulalamika. Mwaka huo huo wa 2016, mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg uliwaongeza kwenye orodha vinyonga vibete wa Afrika, wale wa rangi ya jani kavu wanaoishi chini kabisa, ambao hadi hapo walikuwa wakiuzwa bila mtu kuwahesabu. Mmoja wao, Rhampholeon temporalis, ni wa Usambara Mashariki. Mwaka 2022 vinyonga vibete sita wapya walielezwa kutoka Tao la Mashariki kwa mkupuo mmoja. Walikuwa wamejificha ndani ya majina ya zamani.

Tuseme ukweli kuhusu kinyonga wa Lushoto, maana uhifadhi unaotia chumvi hupoteza wasikilizaji. Yeye si miongoni mwa walio taabani zaidi. Anavumilia ua, anavumilia bustani, na hata mkulima akifyeka kichaka hupata kingine. Eneo lake ni jembamba kwenye ramani, lakini maisha yake yana nafasi. Anayestahili hofu kubwa ni jirani yake asiyeweza kuishi nje ya msitu.

Mwaka 2004 watafiti Rafael de Sá, Simon Loader na Alan Channing walitenganisha chura mmoja wa Usambara Magharibi na ndugu yake aliyezoeleka wa Usambara Mashariki. Ni chura mnene, ngozi yake ina chunjuachunjua, na hutembea polepole juu ya matawi badala ya kuruka. Jamii yake haihitaji bwawa: mayai hutagwa nchi kavu na vitoto hutoka wakiwa vyura kamili, bila kupitia hatua ya kiluwiluwi. Walimwita Callulina kisiwamsitu, kwa maneno mawili ya Kiswahili yaliyounganishwa. Kabla ya mwaka huo sayansi ilijua spishi moja tu ya Callulina. Mwaka 2009 akapatikana wa Taita. Mwaka 2010 wakafuata wa Pare na wa Nguru. Hadithi ya kinyonga ikajirudia neno kwa neno.

Mwaka huo huo wa 2004 ulileta pia vyura wawili wadogo wa jenasi ya Nectophrynoides: mmoja kutoka Usambara Mashariki, Nectophrynoides frontierei, mwingine kutoka Usambara Magharibi, Nectophrynoides vestergaardi. Hii ni jamii ya ajabu inayopatikana Tanzania peke yake. Majike wake hawatagi mayai. Huzaa vitoto hai, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko punje ya mchele. Chura anayezaa! Kizazi chake hakitegemei kijito wala dimbwi, lakini kinautegemea unyevu wa sakafu ya msitu, na unyevu ule unategemea kivuli cha miti mikubwa. Miti ikiondoka jua likaingia, majani yaliyooza yakakauka, hakuna dimbwi la kukimbilia.

Na kuna yule aliyeonekana mara moja. Mwaka 1926, wakati Arthur Loveridge akikusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Harvard, alipatikana Amani chura mdogo ambaye yeye na Thomas Barbour walimwelezea mwaka 1928 kwa jina la Parhoplophryne usambarica. Kielelezo kilikuwa kimoja. Mpaka leo kimebaki hicho hicho, licha ya watu kurudi Amani mara nyingi kumtafuta. Je, ametoweka? Au anaishi kwenye uwazi wa gogo ambalo hakuna aliyeligeuza? Miaka kwa miaka mnyama kama huyu hukaa kwenye fungu la "taarifa hazitoshi", na hapo ndipo penye tatizo kubwa la Orodha Nyekundu. Kwenye meza ya anayegawa bajeti, "taarifa hazitoshi" husomeka kama "hakuna shida". Kumbe mnyama asiyejulikana kwa sababu ni adimu ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuwa karibu na mwisho wake.

Tanzania ina somo lake la gharama kubwa juu ya hili, nalo ni Kihansi. Chura wa Kihansi, ndugu wa wale wanaozaa, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa, wakati mipango ya bwawa la umeme ilikuwa imekwisha kusonga mbele. Dunia yake yote ilikuwa hekta chache za majani yaliyolowa kwa manyunyu ya maporomoko. Bwawa lilipoanza kazi mwaka 2000, karibu asilimia 90 ya maji yale yalielekezwa kwingine. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia. Vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama. Mwaka 2003 idadi ya waliobaki porini iliporomoka ghafla, na ugonjwa wa ukungu wa vyura ukagunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 IUCN ikamtangaza ametoweka porini. Tangu 2012 vizazi vya wale waliopelekwa ng'ambo vimekuwa vikirudishwa Kihansi kwa awamu, kazi ya uvumilivu inayoendelea hadi sasa. Umeme ulihitajika, na hakuna aliyekusudia kummaliza chura. Ila kama mtu angelitembea pale na tochi miaka 10 kabla, mazungumzo yangekuwa tofauti.

Wapo wanaosema habari za kilindini hazihusiani na mlima. Pwani ya Tanga inawakanusha. Septemba 2003 silikanti, samaki wa ukoo wa kale aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, alivuliwa karibu na Songo Mnara, Kilwa. Muda mfupi baadaye Tanga ikawa kituo cha ajabu: silikanti mmoja baada ya mwingine walinaswa kwenye jarife, nyavu za papa zinazoshushwa kwenye miteremko yenye kina. Huyu si mdogo, anafikia karibu mita mbili, lakini swali lake ni lile lile la Lushoto. Mwaka 2011 watafiti wa Japani na wenzao wa Tanzania walionyesha kwa vinasaba kwamba silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi la peke yake, tofauti na la Komoro. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa waliosoma mistari ya magamba yake walikadiria kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, anaanza kuzaa akiwa na zaidi ya miaka 40, na mimba yake huchukua miaka mitano hivi. Mnyama wa namna hiyo hahimili nyavu. Anayenaswa leo, pengo lake halizibwi kwa nusu karne. Kwa ajili yake ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009, na kimataifa yuko kwenye ngazi ya hatarini kabisa. Kwa hiyo kina cha bahari nacho hakimlindi kila mtu: kinamlinda aliyeenea, na kinamwacha mwenye pango moja.

Katikati ya mlima na bahari kuna mto Zigi. Unaanzia kwenye misitu ya Amani, unaingia bwawa la Mabayani, na ndio unaowapa maji wakazi wa jiji la Tanga. Mwaka 2003 na 2004 watu walipovamia milima ya Usambara Mashariki kutafuta dhahabu, hasa eneo la Sakale, vijito vilichafuka na Tanga ikajua thamani ya msitu ule kwa macho. Wakulima wa kando ya mto wamejiunga katika UWAMAKIZI, umoja wao wa kuhifadhi mabonde ya Kihuhwi na Zigi, na mamlaka ya maji ya Tanga ina sababu ya kuwaunga mkono: udongo unaoshuka kutoka shambani unaishia bwawani. Kwenye Zigi na Pangani anaishi pia perege wa Korogwe, samaki aliyeelezwa na Rosemary Lowe mwaka 1955. Mkulima anayepandikiza sato kutoka kanda ya ziwa kwenye bwawa lake, naye bwawa likafurika mvua za masika, anaweza kumchanganyia damu perege huyu bila kujua.

Nani basi anaumiza misitu ya Usambara? Jibu jepesi ni "wananchi", na ni jibu la kuangaliwa kwa makini. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 492,441 wilayani Lushoto, kwenye miteremko ambayo sehemu yake kubwa ni mawe na makorongo. Ardhi hii inalisha Kariakoo: kabichi, karoti, hoho, nyanya, viazi, matunda damu na plamu hushuka kwa malori usiku kupitia Soni na Mombo. Familia yenye robo ekari na watoto sita haikati kuni kwa sababu inachukia vyura. Kabla yake, Wajerumani na Waingereza walikuwa wamekwisha kufyeka sehemu kubwa ya msitu kwa kahawa, chai na mbao, na kupanda misonobari na misaiprasi Shume. Kwenye miaka ya 1970 na 1980 magogo ya Usambara Mashariki yalivunwa kwa mashine, tena kwa msaada wa Finland, hadi kelele za wanasayansi zilipobadilisha mradi huo kuwa wa uhifadhi. Katika Tao lote la Mashariki, zaidi ya theluthi mbili ya msitu wa asili imekwisha.

Kuna kumbukumbu nyingine ambayo mhifadhi anayefika Lushoto akiwa na ramani mkononi anapaswa kuijua. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kurekebisha ardhi bonde la Mlalo, ukapanuliwa kwingineko Usambara. Watu walilazimishwa kuchimba matuta, akina mama wakabeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, wasiotii wakatozwa faini. Upinzani ulikuwa mkali, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Matuta yenyewe hayakuwa wazo baya kwa udongo ule. Njia ndiyo iliyoyaua. Mradi wa SECAP ulioanza mwaka 1981 ulibidi uanze kwa kuwarudishia wakulima imani: majani ya malisho kwenye kingo, miti shambani, ng'ombe wa zizini. Leo sehemu kubwa ya miti inayoonekana kwenye mashamba ya Lushoto imepandwa na wakulima wenyewe, na kinyonga wa pembe mbili analala juu yake.

Kisheria hali imeimarika. Amani ilikuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya kwanza nchini, mwaka 1997; Nilo ikafuata; Magamba, juu ya mji wa Lushoto, ikapandishwa hadhi miaka iliyofuata. Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) ndio wasimamizi. Mipaka ipo, vibao vipo, askari wapo. Lakini mpaka hauzuii joto. Ndege wa chini ya msitu wa Usambara wamekuwa wakinaswa, wakivishwa pete na kuachiwa tangu miaka ya 1980 katika kazi iliyoanzishwa na William Newmark. Uchambuzi wa miaka 30 ya kumbukumbu hizo, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kwa spishi nyingi uwezo wa kuishi mwaka hadi mwaka unashuka joto linapopanda. Ndege ana mabawa. Callulina anayetembea kwa miguu, akisukumwa na joto kuelekea juu, atafika kileleni na kukuta hakuna kupanda tena.

Ndiyo maana vipande vya msitu vilivyotapakaa kati ya Magamba, Mazumbai, Ambangulu na Shagayu vina uzito kuliko ukubwa wake kwenye ramani. Kipande kidogo kilichojitenga hupoteza spishi polepole hata kama hakuna anayekikata. Vikiunganishwa kwa ukanda wa miti ya asili, hata mwembamba, mnyama hupata njia. Usambara Mashariki ina mfano wa Derema, ambako wakulima walilipwa fidia ili ukanda wa msitu uunganishwe na Amani. Zoezi lile lilichukua miaka mingi na lilizua malalamiko juu ya malipo na ardhi mbadala. Anayetaka kulirudia Usambara Magharibi, ambako nafasi ni finyu zaidi, azungumze na wenye mashamba kabla ya kuchora mstari.

Wakati huo huo hesabu inaweza kuanza. Kwa kanuni za IUCN, tathmini iliyopita miaka 10 huhesabika imepitwa na wakati, na wengi wa wadogo wa Usambara wanategemea ziara za watafiti wachache kutoka mbali, wanaokuja wiki mbili na kuondoka. Lushoto ina vijana wanaoongoza watalii kila wiki kwenye njia zile zile za Magamba na Irente, wanaojua kinyonga analala tawi gani na chura analia mwezi gani. Njia kumi za kudumu, zinazotembewa usiku kila masika na kila vuli, daftari moja la spishi, mahali na idadi, picha ya simu kwa kila mnyama, na posho inayolipwa kwa wakati: hayo yangezaa ndani ya miaka mitano taarifa ambazo Orodha Nyekundu haijawahi kuwa nazo kuhusu milima hii. Chuo cha Sokoine kina msitu Mazumbai, TFS ina ofisi Magamba. Wa kuanza nao ni Hyperolius tanneri, Callulina kisiwamsitu na Nectophrynoides vestergaardi, na kazi ya kwanza ni kuthibitisha, kipande kwa kipande cha msitu, ni wapi bado wapo.